Menengai, Hell's Gate, Ziwa Nakuru ama Bogoria: Jumamosi mtoke na kijana wenu mwende wapi?

Likizo ikifika swali huku Nakuru ni lile lile, tutoke na hawa watoto twende wapi. Watoto wakiwa wadogo si kazi, unatafuta mahali pana bembea na chipsi siku inaisha. Shida inaanza mmoja akishagonga miaka kumi na tatu kumi na nne, yuko Gredi 8 ama Gredi 9, ukimwambia tunatoka anauliza kwanza tunarudi saa ngapi, na mkifika anakaa kwa gari na hedifoni masikioni wewe unabaki kujiuliza ulilipia nini. Na si kwamba hapendi familia. Huyo ni mtu ambaye amekua na bado anapangiwa siku kama mtoto.

Nimechukua sehemu nne ambazo mkitoka Nakuru taun asubuhi mnarudi jioni bila kulala nje: Menengai, mbuga ya Ziwa Nakuru, Hell's Gate kule Naivasha, na Ziwa Bogoria. Zote nzuri, na sitasema moja imeshinda zingine, kwa sababu nyumba yenye gari na watoto wawili wakubwa si sawa na mama anayetoka na kijana mmoja, mtoto wa miaka minne na shosho, wote kwa matatu.

Nitaziangalia kwa mambo haya: kijana mwenyewe atafanya nini akifika, pesa na usafiri, mnahitaji kuamka saa ngapi, wadogo na wazee watakuwaje, hatari iko wapi, halafu choo, chakula na neti ya simu. La kwanza ndio nimelipatia uzito zaidi. Mahali pa kupeleka kijana mimi napima kwa kile atakachofanya kwa mikono na miguu yake, kile atakachoona kinafuata nyuma.

Kijana atakuwa anafanya nini

Hell's Gate hapa iko mbele kidogo na sababu ni baiskeli. Ni moja ya mbuga chache za Kenya ambapo KWS, shirika la wanyamapori, wanakuruhusu kutembea kwa miguu ama kuendesha baiskeli katikati ya wanyama, kwa sababu wanyama wawindaji mle ni wachache sana. Unakodi baiskeli pale makutano ya barabara ya South Lake ama karibu na geti la Elsa, mnaingia, na pundamilia wako hapo kando ya njia, ngiri wanakimbia mkia juu, twiga wanakuangalia tu. Kijana anaenda mbele, anasimama anapotaka, anawangoja ama hawangoji. Hicho tu, kwamba yeye ndiye anaamua mwendo wake, kwa mtu wa miaka kumi na tano ni kitu kikubwa kuliko simba kumi.

Ukipita geti kidogo kuna ule mwamba umesimama peke yake, Fischer's Tower, umepewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita hapo 1883, na kwa kawaida hapo kuna vijana wenye kamba wanaokupandisha kwa malipo. Hata mtoto ambaye nyumbani hainuki kwa kochi akiona mwenzake ananing'inia pale juu anataka zamu yake. Halafu mwisho wa njia ndio kuna lile korongo la Ol Njorowa, unaingia na mwongozaji, mnashuka kwa mawe mnashikana mikono, mahali pengine maji ya moto yanachirizika kwa ukuta. Nitarudi kwa hilo korongo kwenye hatari, usiruke hio sehemu.

Menengai ni safari mbili tofauti na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni kupanda mpaka kileleni, mita 2,278, unasimama ukingoni unaangalia shimo kubwa la kilomita kama kumi na mbili kwa nane, mvuke unafuka chini, mnapiga picha kwa kile kibao cha umbali wa miji ya dunia, na baada ya nusu saa kijana wako amemaliza. Ya pili ni kushuka mpaka chini na kurudi, na hio ndio siku. Kushuka ni masaa, kupanda ni masaa zaidi, mawe ya volkano yamechongoka kila mahali, na mkifika chini mnakuta dunia nyingine kabisa, joto, kimya, vichaka na lava nyeusi iliyoganda. Kijana anayependa kujipima, yule wa mpira, wa riadha, wa skauti, huyu atalala usiku huo kama gogo na kesho yake atawasimulia wenzake. Kijana ambaye hataki jasho usimpeleke kule chini, mtapigana njia yote ya kurudi.

Kuna pia ile njia ya katikati, mnatoka mjini kwa miguu, mnapanda mpaka ukingoni, mnatembea ukingoni kiasi mnarudi. Hio inatosha watu wengi kuliko wanavyodhani, na inawapa nafasi ya kuongea bila kutazamana usoni, na vijana wengi ndivyo wanaongea.

Mbuga ya Ziwa Nakuru sasa. Nitasema wazi kwamba hapa kijana anakaa kwa gari. Huwezi kushuka isipokuwa sehemu zilizoruhusiwa kama Baboon Cliff na zile za pikiniki, na kwa mtu mwenye miguu mirefu nyuma ya gari dogo masaa matano ni mengi. Lakini usiitupe. Kama wako ni mtoto wa picha ama wa wanyama, hakuna mahali karibu nasi panapompa vifaru, weupe na weusi, twiga wa Rothschild, nyati, na simba mkiwa na bahati ya kuwapata, siku moja, nusu saa kutoka nyumbani. Mbuga ina kilomita za mraba 188 na imezungushwa ua wote, kwa hivyo vifaru kuwakuta si bahati nasibu sana. Tembo hakuna, mwambieni mapema asije akawasubiri. Kinachofanya siku hii ifaulu ni kumpa kazi, mpe ramani awe ndiye anayesema tupinde wapi, ama mpe darubini akae mbele na baba ama mama akae nyuma. Kiti cha mbele ni kitu kidogo lakini kinageuza siku.

Na flamingo, kwa sababu kila mtu anauliza. Ziwa Nakuru maji yamekuwa yakipanda tangu karibu 2010, yalimeza geti kuu la zamani na majengo na msitu wa migunga, utaona ile miti iliyokufa imesimama ndani ya maji. Maji yakiongezeka magadi yanapungua nguvu, na ule mwani ambao flamingo wadogo wanakula unapungua nao, kwa hivyo wengi walihamia Bogoria na kwingine. Wakati mwingine wanarudi kiasi, lakini usimuahidi kijana ziwa la rangi ya waridi kwa sababu aliona kwa kitabu cha shule.

Hio inatuleta Bogoria. Kitu cha kufanya kule kiko kimoja hasa na watu huja kutoka mbali kwa ajili yake: kuchemsha mayai kwa maji ya moto yanayotoka ardhini. Mnabeba mayai, mahindi pia wengine hubeba, mnayaweka kwa kikapu ama mfuko wa neti wenye kamba ndefu, mnayashusha, baada ya dakika kadhaa mayai yameiva. Nimeona vijana ambao hawajawahi kupika yai nyumbani wakipigania ile kamba. Kando yake maji yanaruka juu kwa nguvu yenyewe, mvuke kila mahali, harufu ya kiberiti, na flamingo wakiwepo wako ziwani hapo mbele, milima imesimama wima ng'ambo. Kama kijana wako anasoma jografia ama anapenda sayansi, hapa Bonde la Ufa halihitaji mchoro. Lakini ukiondoa mayai na kuzunguka hapo, mengine ni kuangalia, na safari ni ndefu.

Pesa na usafiri

Menengai ndio rahisi kabisa. Ni kama kilomita nane ama kumi kutoka taun, nduthi zinafika juu, wenye miguu wanapanda wenyewe, na malipo ya kuingia ni ya huduma ya misitu, si makubwa. Mkiamua kushuka ongeza pesa ya mwongozaji, na tafadhali msiione hio kama pesa ya kupunguza.

Ziwa Nakuru geti liko karibu hata mtoto wa shule anafika kwa miguu, lakini bila gari hamuingii mkaona kitu. Kwa hivyo kama hamna gari, gharama yenu kubwa ni kukodi la siku, na hapo ndio familia mbili zikiungana kwa van moja hesabu inabadilika kabisa. Wakati wa kiangazi gari dogo la kawaida linapita barabara nyingi za ndani. Mvua ikiwa imenyesha uliza getini kabla hujaingia njia za kando.

Hell's Gate, Nakuru mpaka Naivasha ni kama kilomita 70, matatu ziko kila saa. Naivasha mnashuka mnachukua zile za Kongoni, mnashukia makutano ya Hell's Gate. Kutoka hapo mpaka geti la Elsa ni mwendo mfupi, na baiskeli ziko hapo hapo makutano. Baiskeli kwa kawaida ni kama mia tano kwenda juu kwa siku lakini mnaelewana, na mkiwa wengi msikubali bei ya kwanza. Hii ndio mbuga ambayo mtu wa matatu hajapungukiwa na kitu akilinganishwa na mwenye gari, na kwangu hio ni sababu nzuri ya kuipenda.

Bogoria bila gari inawezekana lakini inachosha, matatu ya Marigat, halafu nduthi mpaka geti la Loboi, halafu kutoka getini mpaka kwenye chemchemi bado ni kilomita nyingi. Ukiwa na gari ni masaa mawili hivi kutoka Nakuru, barabara ya Marigat ni lami, mnapita Mogotio na mashamba ya mkonge, mnavuka ikweta, kando ya njia kuna watu wanauza asali ya Baringo. Mafuta ya gari ndio gharama yenu.

Kuhusu kulipa: Ziwa Nakuru na Hell's Gate ni za KWS, mnalipa kwa eCitizen, msiende na noti mkitegemea kulipa getini. Bei zimekuwa zikibadilika kwa hivyo angalieni huko kabla ya kutoka. Kijana aliye chini ya miaka 18 analipa ya mtoto, na kama ni mrefu kuliko baba yake beba kitambulisho cha shule ama cheti cha kuzaliwa, itakuondolea maneno mengi. Bogoria iko chini ya kaunti ya Baringo, malipo yake ni tofauti.

Mtaamka saa ngapi

Hapa watu wengi hawafikirii na ndio siku nyingi zinaharibikia. Miili ya vijana wa umri huu inachelewa kupata usingizi, hilo si uvivu, homoni ya usingizi inakuja usiku zaidi kuliko kwa mtu mzima, kwa hivyo saa kumi na moja alfajiri kwake ni katikati ya usiku. Mbuga ya Nakuru ndio inaumia hapa, kwa sababu wanyama wazuri ni wa asubuhi geti likifunguliwa saa kumi na mbili, ama jioni. Kama wako hataki kuamka, ingieni saa nane mchana mtoke jioni, hamtapoteza sana.

Bogoria lazima mtoke mapema kwa sababu ya joto, saa sita mchana kule ni moto wa kweli, lakini anaweza kulala kwa gari masaa mawili hivyo haimuumizi. Hell's Gate mkiingia getini saa tatu saa nne bado ni sawa, mkichelewa zaidi jua na vumbi vitawapiga mkirudi. Menengai ya ukingoni saa yoyote, hata saa kumi jioni ni nzuri sana ile mwanga ukianza kulainika. Menengai ya kushuka ni asubuhi tu, bila mjadala.

Wadogo na wazee

Kama shosho yuko ndani ya safari, Ziwa Nakuru ndio jibu na sioni la kupinga. Anakaa vizuri, anaona, anakula kwenye pikiniki, na hawa bibi wetu wakiona kifaru kwa macho yao wanafurahi kuliko hao vijana. Bogoria pia anaiweza akivumilia joto na safari, chemchemi ziko karibu na mahali gari linasimama.

Hell's Gate mzee anaweza kuingia kwa gari akafurahia mandhari, gari linaruhusiwa, lakini korongo hapana. Mtoto wa miaka minne mitano kwa baiskeli ya kukodi ni shida, baiskeli nyingi ni za watu wazima na viti vya watoto si kitu cha kutegemea. Hapo familia inagawanyika, baba na kijana kwa baiskeli, mama na mdogo kwa gari wanakutana mbele, na si vibaya, kijana akipata nusu siku na mzazi mmoja peke yao ni zawadi.

Menengai juu, wadogo wanaenda lakini uwashike. Ukingo ni ukingo, hakuna ua, na mtoto wa miaka mitatu hajui hilo.

Hatari, na hapa msisome haraka haraka

Korongo la Hell's Gate. Mvua ikinyesha mbali huko juu, hata kama mlipo jua linawaka, maji yanakuja kwa ghafla na ndani ya korongo hakuna pa kukimbilia. Watu wamekufa mle, 2012 na tena 2019, wengine walikuwa vijana waliokwenda matembezi kama haya haya mnayopanga. Kwa hivyo: uliza renja getini kama korongo liko wazi, ingia na mwongozaji kila wakati, na mawingu yakiwa meusi upande wowote achaneni nalo siku hio, baiskeli peke yake ni siku nzima. Miezi ya masika, Machi mpaka Mei, mimi singeshuka kabisa. Na kijana ajue sababu, mwambie kilichotokea, wakijua wanaheshimu kuliko ukisema tu usiende. La pili kule ni nyati. Mkimwona karibu na njia mnasimama mbali, hampigi picha ya karibu, hampiti mpaka aondoke.

Bogoria hatari ni ile ile inayowapeleka. Maji yanakaribia kuchemka kabisa na ardhi kando yake kuna mahali ni ganda jembamba, mtu anakanyaga linavunjika. Mnakaa walipokanyaga watu, kamba ya mayai iwe ndefu, na mchezo wa kusukumana unaachwa kwa gari. Sehemu ya barabara ya kando ya ziwa pia imeliwa na maji yalivyopanda, kwa hivyo ramani ya simu inaweza kukuonyesha njia ambayo haipo. Na sehemu fulani za Baringo zimekuwa na visa vya wezi wa mifugo, kabla ya kutoka piga simu uulize mtu aliyeko huko hali ikoje wiki hio.

Menengai watu hupotea. Ukiwa chini kila kilima kinafanana na kingine, maji ya kunywa hakuna, na jua likianza kushuka ndio watu wanafanya makosa. Mwongozaji, lita mbili za maji kila mtu kwa uchache, viatu vilivyofunga mguu, na saa ya kugeuka mliyokubaliana kabla. Msizurure karibu na visima vya mvuke, kule kampuni ya serikali ilianza kuchimba 2011 na ni sehemu ya kazi.

Ziwa Nakuru ndio salama zaidi ikiwa mnakaa ndani ya gari. Nyani tu. Nyani wa Baboon Cliff wanajua mfuko wa chakula ukiwa bado umefungwa, madirisha juu, na usimpe mtoto ndizi akiwa amesimama nje.

Choo, chakula, neti

Choo naanza nacho kwa sababu wazazi wa wasichana wanajua, na wasichana wenyewe hawatasema. Kama binti yako yuko kwenye siku zake, kushuka Menengai si ya wiki hio, kule chini hakuna kitu, na masaa ni mengi. Ziwa Nakuru na Hell's Gate kuna vyoo getini na kwenye sehemu za pikiniki. Bogoria getini. Muulize kwa upole kabla, mwache yeye achague tarehe, na huenda ndio sababu alikuwa anasema hataki kwenda.

Chakula bebeni kutoka nyumbani, kote kunne. Chapati, mayai, ndizi, maji mengi. Hell's Gate mkitoka mnaweza kula samaki Naivasha, na hapo kijana mwache achague hoteli.

Neti: Menengai juu iko, mji wote uko chini yako. Ziwa Nakuru sehemu nyingi iko. Hell's Gate inakuja na kupotea, korongoni sahau. Bogoria usitegemee. Kwa maoni yangu simu usimnyang'anye. Picha ndio zake, akitaka kupakia akirudi ni sawa, kubalianeni tu kwamba kwenye baiskeli na ukingoni simu iko mfukoni.

Na kama mko Kisumu ama Kakamega

Msije mpaka huku kwa siku moja, mtaimalizia barabarani. Vigezo ni vile vile. Kit Mikayi, barabara ya Bondo, ni nusu siku ya kupanda miamba mikubwa na mapango yake, ina masimulizi ya kale na watu wanaokwenda kusali, inamfaa kijana wa kupanda na haina gharama kubwa. Msitu wa Kakamega ni siku nzima, ndio kipande cha mwisho kwetu cha msitu wa mvua wa aina ya ule wa Kongo, na kijana anayependa ndege, nyani ama vipepeo anapata vya kutosha. Anayetaka kitu cha kuogofya kidogo, kule kilima cha Lirhanda kuna handaki la zamani la wachimba dhahabu lenye popo, mnaingia na mwongozaji na tochi.

Nani aende wapi

Kijana ana nguvu nyingi, familia haina gari, na pesa ya kiasi ipo: Hell's Gate. Mwambie aje na rafiki mmoja, hapa rafiki hakai kiti cha mtu, na mkiwa watu wazima wawili mmoja awe mbele nao mmoja nyuma.

Pesa ni kidogo mwezi huu lakini siku mnataka: Menengai ya ukingoni, mtoke kwa miguu, mrudi kwa nduthi mkichoka. Mkiwa na kijana wa miaka kumi na sita kumi na saba anayetaka kujua anaweza nini, ile ya kushuka, mzazi mmoja tu na yeye na mwongozaji, wengine wabaki nyumbani.

Mko vizazi vitatu, shosho mpaka mtoto wa nasari: Ziwa Nakuru, kijana kiti cha mbele na ramani mkononi. Pia hapa ndio mahali pa kijana mgonjwa mgonjwa, mwenye pumu ama aliyetoka kuumia mguu mpirani, asibaki nyumbani.

Kijana ni wa maswali, wa sayansi, wa kwa nini hii inafanya hivi: Bogoria, mkiwa na gari na mmeuliza hali ya huko. Anayependa mashine na umeme mpeleke Hell's Gate badala yake, Olkaria iko hapo hapo, umeme wa mvuke wa kwanza Kenya ulianza 1981, na mabomba yake mnayaona mkipita.

Kijana haongei na mtu nyumbani siku hizi na ndio sababu hasa mnataka kutoka: mimi ningechagua mahali pa kutembea, si pa kukaa. Menengai ukingoni ama baiskeli. Watu wachache, usilete binamu wote. Usianze na maswali ya shule.

Na kama mmebaki na mbili na hamuamui, mpe yeye hizo mbili achague, halafu mpe kazi ya kupanga: aangalie bei kwa eCitizen, aulize fea za matatu, aandike mtatoka saa ngapi na mtabeba nini, wewe umpe bajeti na umwachie. Akisema tutoke saa tatu badala ya saa moja, tokeni saa tatu.